Ishirini na Nne: Nambari ya Mirathi na Msamiati wake katika Kiswahili, kwa Mfano wa Galbet, Garissa

1. Utangulizi

Galbet ni mojawapo ya wadi za mji wa Garissa, mashariki mwa mto Tana. Wakazi wake wengi ni Wasomali Waislamu wafuatao madhehebu ya Imamu Shafii, nao huishi baina ya lugha tatu: Kisomali nyumbani na malishoni, Kiarabu katika duksi na msikitini, na Kiswahili sokoni, barazani na mbele ya mgeni asiyejua Kisomali. Mtu afapo katika mazingira kama hayo, mali yake huenda ikahesabiwa kwa lugha zote tatu kabla ya kugawanywa. Na endapo marehemu ni mwanamume aliyeacha mke, watoto na mzazi, hesabu hiyo, hata ianzie wapi, hufikia katika nambari moja: ishirini na nne.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo mawili. La kwanza ni sababu ya kihesabu iliyoipa 24 nafasi hiyo. La pili ni historia ya maneno ambayo kwayo Kiswahili kimeipokea hesabu yenyewe: yapi yamedumu, yapi yamegeuka maana, na yapi yanaelekea kupotea. Mambo haya mawili hayatenganiki, kwa maana mrithi asiyelijua jina la hisa yake hawezi kumsaili anayemgawia.

2. Sifa za nambari yenyewe

Ishirini na nne ni zao la 2 × 2 × 2 × 3. Vigawo vyake ni vinane: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24 yenyewe. Hakuna nambari iliyo chini yake yenye vigawo vingi kiasi hicho. 12 ina sita, na 20 pia ina sita. Ni zao la nambari nne za mwanzo, yaani 1 × 2 × 3 × 4. Tena, ndiyo nambari kubwa kupita zote inayogawanyika kwa kila nambari isiyozidi kipeuo chake cha pili: kipeuo cha pili cha 24 ni kasoro kidogo ya 5, nayo yagawanyika kwa 1, 2, 3 na 4 bila baki.

Ziko na sifa nyingine zilizowavutia wanahisabati. Ukiichukua nambari tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 3, ukaizidisha kwa yenyewe, kisha ukatoa 1, kinachobaki hugawanyika kwa 24: tano hutoa 24, saba hutoa 48, kumi na moja hutoa 120, kumi na tatu hutoa 168. Hali kadhalika, ukijumlisha miraba ya nambari zote kuanzia 1 hadi 24, jumla ni 4,900, ambayo ni mraba wa 70. Mfaransa Édouard Lucas alidai mwaka 1875 kwamba, ukiiacha 1, hakuna nambari nyingine yenye sifa hiyo. Ithibati kamili ilitolewa na Mwingereza G. N. Watson mwaka 1918.

Sifa hizi za mwisho ni za kustaajabisha, lakini mgawaji wa mirathi hazimfai kwa lolote. Inayomfaa ni ile ya kwanza, ya wingi wa vigawo. Watu wa kale waliigawa siku mafungu 24, na Mswahili akayakata mafungu hayo mara mbili, saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku. Nambari yenye vigawo vingi hukubali kukatwa kwa namna nyingi bila ya kuvunjika, na mirathi ni kukata.

3. Hisa sita na asili saba

Sheria ya mirathi ya Kiislamu, yaani elimu ya faraidhi, imejengwa juu ya hisa sita zilizotajwa katika Sura ya Nne ya Kurani, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Wanavyuoni walizipanga katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nusu, robo na thumuni (1/2, 1/4, 1/8). La pili ni theluthi mbili, theluthi na sudusi (2/3, 1/3, 1/6). Katika kila fungu, kila hisa ni nusu ya iliyoitangulia. Kwa hiyo fungu la kwanza limesimama juu ya nambari 2 peke yake, na la pili limechanganya 2 na 3.

Mgawaji akabiliwapo na warithi wenye hisa mbalimbali, kazi yake ya kwanza ni kutafuta nambari ndogo kuliko zote inayoweza kutoa hisa hizo zote kamili. Nambari hiyo huitwa asili ya masuala. Katika hisabati ya shuleni hicho ndicho Kigawe Kidogo cha Shirika. Vitabu vya fikihi vimezihesabu asili hizo kuwa saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mwanafunzi wa chuo huzihifadhi kwa moyo, na aghalabu haelezwi kwa nini ni hizo tu.

Sababu yake imo katika vigawo vilivyotajwa juu. Asili zote saba ni vigawo vya 24, na vigawo vya 24, ukiitoa 1, ni saba tu. Orodha hizi mbili ni moja. Hapana asili iliyo nje ya vigawo vya 24, kwa kuwa 24 ndiyo shirika ya hisa zote sita. Wala hapana kigawo cha 24 kilichokosa kazi, kwa kuwa kila kimoja kina jamii ya warithi inayokihitaji. Ukiwapo mke mwenye robo na mama mwenye theluthi, asili ni 12. Ukiwapo mke mwenye thumuni na binti mmoja mwenye nusu, asili ni 8. Ikikutana thumuni na hisa yoyote ya fungu la pili, hapana budi kufika 24.

Hesabu hii haikubaki msikitini. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), alitenga sehemu kubwa sana ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Garissa anayepiga hesabu ya hisa za jamaa zake anafanya jambo lililokuwamo katika chimbuko la elimu anayofundishwa shuleni kwa jina la aljebra.

4. Nambari ya mjane

Yafaa izingatiwe ni nani hasa aifikishaye hesabu katika 24. Katika hisa sita, thumuni ni ya mtu mmoja tu: mke ambaye mumewe amekufa akaacha mtoto. Wakiwa wake wawili, watatu au wanne, hushirikiana katika thumuni hiyo hiyo. Hakuna mrithi mwingine wa fungu hilo, awe binti, mama, dada au mume. Na bila ya thumuni, hesabu haipiti 12. Hivyo basi, kila penye asili ya 24 pana mjane. Mtu aliyeletewa hesabu ya 24 bila ya kuambiwa majina anaweza kujua kwa yakini kwamba aliyekufa ni mume, kwamba ameacha mtoto au mjukuu kwa mwanawe, na kwamba mke wake yu hai.

Mfano utasaidia. Tuseme mtu wa Galbet ameacha mke, mama, baba na mwana mume mmoja. Baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi moja, mali iliyobaki hufanywa mafungu 24. Mke huchukua 3, mama 4, baba 4, na mwana huchukua 13 zilizosalia. Hesabu imekwisha bila ya baki.

Lakini tuseme baba alikwisha tangulia, na watoto ni wawili, mume na mke. Mke wa marehemu huchukua 3, mama 4, zikabaki 17. Kwa kuwa mwana mume hupewa hisa za wana wa kike wawili, 17 zinatakiwa kugawanywa kwa 3, nazo hazigawanyiki. Hapo wanavyuoni huizidisha asili kwa 3, ikawa 72: mjane 9, mama 12, mwana mume 34, binti 17. Tendo hili kwa Kiarabu huitwa tas-hih, nalo ni shina moja na kitenzi chetu kusahihisha. Mwalimu wa leo husahihisha kosa la mwanafunzi. Mgawaji wa mirathi husahihisha asili ambayo haikukosewa, ila imekataa kugawanyika. Maana hii ya pili haipewi nafasi katika maelezo ya kawaida ya neno hilo, ingawa inatumika kila penye kadhi.

5. Ishirini na nne ikiwa ishirini na saba

Iko hali moja ambayo 24 huelemewa. Mtu akiacha mke, mabinti wawili, baba na mama, hisa zao ni 3, 16, 4 na 4. Jumla ni 27, yaani hisa zimepita mali. Yasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hili naye yu juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mwanamke yule imekuwa tusui. Ndiyo maana masuala haya yakaitwa ya mimbari. Ufumbuzi wake ni kuigawa mali kwa 27 badala ya 24, kila mrithi akabaki na idadi ile ile ya mafungu, lakini fungu lenyewe likapungua. Mjane huchukua 3 katika 27, yaani 1/9. Kila mmoja hupoteza sehemu moja katika tisa ya haki yake, wala hapana anayepunjwa zaidi ya mwenzake.

Kupanda huku kwa asili huitwa auli. Inasimuliwa kwamba kulianza katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, na kwamba Ibn Abbas alikupinga. Mashia hawakukubali mpaka leo. Katika asili saba, tatu tu ndizo zipandazo: 6 hupanda hadi 7, 8, 9 au 10, 12 hupanda hadi 13, 15 au 17, na 24 kwa kauli ya wengi haipandi ila mara moja, kufikia 27. Nambari iliyo kubwa kuliko zote ndiyo iliyo thabiti kuliko zote. Sababu ni kwamba palipo na thumuni pana mtoto, na mtoto huwazuia warithi wengi wa pembeni ambao wangeizidisha jumla.

Kwa mtafiti wa lugha, tukio la mimbari lina funzo la ziada. Jawabu lake lilikuwa badiliko la neno moja, thumuni ikawa tusui, na waliosikia walifahamu kwa kuwa maneno yote mawili yalikuwa hai midomoni mwao. Swali linalofuata ni kama yangefahamika leo kwa Kiswahili.

6. Majina ya nambari na majina ya hisa

Jina lenyewe la 24 katika Kiswahili lina nusu mbili zenye nasaba tofauti: ishirini ni neno la asili ya Kiarabu, na nne ni la Kibantu. Mpangilio pia ni wa Kibantu, makumi yakitangulia. Mwarabu huanza na nne, kisha ishirini. Na Msomali anayesema afar iyo labaatan hufuata mpango huo huo wa kutanguliza nne, ijapokuwa maneno yake si ya Kiarabu. Hivyo, katika nyumba moja ya Galbet nambari moja hutamkwa kwa mipango miwili iliyopingana, kulingana na lugha iliyoshikwa saa ile. Kiswahili kilichukua sita, saba na tisa kwa Kiarabu, kikaacha tandatu. Mfungate likabakisha mwangwi wake katika fungate ya arusi. Na kenda ikabaki pembeni mwa tisa.

Kwa upande wa hisa, Kiswahili kiliupokea ukoo mzima wa maneno: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Kisomali kinayo njia ya kueleza bila ya mkopo: siddeed meelood meel, yaani sehemu nane, sehemu moja. Njia hii ni ndefu, lakini inajieleza. Asikiaye husikia nane ndani yake. Kiswahili nacho kina njia ya namna hiyo, sehemu moja ya nane, nayo ndiyo iliyoshika shuleni.

Maneno ya mkopo hayakupata bahati sawa. Nusu na robo zimo midomoni mwa kila mtu. Theluthi imefufuka katika siasa: tangu Katiba ya 2010 kuweka sharti kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, Mkenya yeyote asikilizaye taarifa ya habari analijua neno hilo. Ni hisa ile ile ya mabinti wawili. Sudusi na tusui zimebaki katika kamusi na vyuoni. Thumuni imepatwa na jambo la ajabu zaidi. Iligeuka kuwa jina la sarafu ya senti 50, ambayo wengi huiita sumuni. Na senti 50 ni nusu ya shilingi. Kwa hiyo neno lililokuwa na maana ya moja katika nane lilikuja kumwashiria msikilizaji wa kawaida kitu kilicho nusu, au kitu kisicho na thamani ya kutajwa. Mjane akiambiwa kwamba fungu lake ni thumuni, huenda asisikie kiasi chochote. Husikia jina la sarafu iliyokwisha kazi.

Neno jingine limesafiri kimyakimya na kwa heri. Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, hisabati ilihitaji istilahi. Nambari ya juu katika sehemu ikaitwa kiasi, na ya chini ikaitwa asili. Hii ndiyo asili ile ile ya asili ya masuala. Mtoto anayetafuta asili ya shirika ili ajumlishe 1/8 na 1/6 anafanya, kwa neno lile lile, kazi anayoifanya kadhi. Shufwa na witiri, yaani nambari zigawanyikazo kwa mbili na zisizogawanyika, ni maneno yaliyokutana katika aya moja ya Surat al-Fajr. Ni dhahiri kwamba istilahi za hisabati ya Kiswahili hazikuanza katika kamati. Ulikuwapo msamiati wa chuoni uliokwisha kukomaa, na waundaji wa istilahi waliuchota.

7. Mifugo, mila na sheria

Hesabu ya mafungu 24 inadhani kwamba mafungu ni sawa. Mbuzi 72 zilizolingana zitagawanyika kama ilivyooneshwa, ngamia hawalingani. Jike lenye maziwa halilingani na dume la mizigo, wala ndama na mama yake. Hivyo mali hutiwa thamani kwanza, na soko la mifugo la Garissa ndilo linaloipa 24 uwezo wa kufanya kazi: ngamia hugeuzwa bei, na bei hukubali kukatwa.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa mila. Kwa desturi za wafugaji wa Kisomali, ngamia walihesabiwa kuwa nguzo ya ukoo wa kiumeni, na mara nyingi wanawake walinyimwa hisa ya ngamia ambayo sheria ya dini imewapa. Mjane na mabinti wakiridhishwa kwa mbuzi au vyombo vya nyumba. Hesabu ya faraidhi haitofautishi ngamia na mbuzi. Mahali hapa, kuisoma 24 kwa ukamilifu kulikuwa na maana ya kumwongezea mwanamke mali kuliko alivyozoea kupewa. Wapo wanaoona kwamba hisa ya binti kuwa nusu ya ndugu yake ni pungufu, na mjadala huo ungalipo. Lakini kwa mjane aliyeondoka mikono mitupu, 3 katika 24 ni dai analoweza kulisimamia.

Sheria za dola nazo zilipita juu ya hesabu hii. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ilizipa mahakama hizo nafasi hata nje ya ukanda wa pwani. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Katika sheria hiyo, mke aliyefiwa na mumewe akiwa na watoto alipewa vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki muda wa uhai wake, ikikoma akiolewa tena. Kisha watoto wangegawana sawasawa. Humo hamna thumuni wala sudusi, na 24 haina kazi. Waislamu waliipinga, na mwaka 1990 sheria ikarekebishwa ili mirathi ya Mwislamu ifuate sheria ya Kiislamu. Hata kabla ya hapo, sheria hiyo ilikuwa imeacha mifugo ya wilaya kadhaa, zikiwamo Garissa, Wajir na Mandera, ifuate sheria au mila za marehemu. Kwa hiyo katika miaka ile tisa, ngamia wa Garissa hawakuguswa na sheria mpya. Walibaki baina ya mila na faraidhi, yaani pale pale mjane alipokuwa dhaifu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeithibitisha mamlaka ya kadhi katika mirathi, endapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba 24 haikuchaguliwa na mtu. Hisa sita zilipotajwa, nambari hiyo ilifuata kwa ulazima wa hesabu, na vigawo vyake vikawa ndivyo asili zote za elimu ya faraidhi. Imeonekana pia kwamba haiji ila palipo na mjane, na kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno yote ya kuieleza.

Jambo lililobaki ni la wataalamu wa lugha. Msamiati huu umezoea kuwekwa kando kwa kudhaniwa kuwa ni wa dini tu, au kwamba ni Kiarabu kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Lakini asili, shufwa na witiri zimekwisha kuingia darasani bila ya kuulizwa zimetoka wapi, na sudusi, thumuni na tusui zingeweza kufuata njia hiyo hiyo. Kitabu cha hesabu cha darasa la sita ambacho kingefundisha kujumlisha sehemu kwa mfano wa mjane, mama na watoto wawili kingekuwa kimefundisha hisabati, historia ya lugha na haki kwa pamoja. Faida ya kwanza ingemwendea binti wa Galbet ambaye siku moja atakaa nyuma ya pazia akisikiliza hesabu ya mali ya babake, naye aweze kujumlisha mwenyewe na kuona kama 9, 12, 34 na 17 zimetimia 72.